Ndizi ya Pombe Mezani

Deodatha alikuwa ameapa: likizo hii wanawe wanakula hotelini, mezani, kwenye kitambaa cheupe, dada yake apende asipende. Dada mwenyewe, Vestina, mtumishi wa ofisi za wilaya kule Rubwera, alishamwambia bila kupepesa macho: "Watoto wako waache gesti na biskuti zao. Watoto wa shamba huko Kaisho wanajua nini cha hoteli? Watatuaibisha."

Maneno hayo yalimkera Deodatha, tena sana. Yeye na mumewe ni wakulima wa kahawa na migomba, ndiyo, lakini wanawe wamefunzwa adabu. Basi mchana ule, katika mji wa Omurushaka walikofikia, akaingia nao hotelini kifua mbele: Atuhaire wa miaka sita na mdogo wake Ainebyona wa miaka mitatu, wamepakwa mafuta wanang'aa. Vestina akafuata nyuma, uso kaukunja.

Na watoto walitulia, jamani! Walinawa, wakamwamkia mhudumu shikamoo, wakangoja. Ainebyona alikigeuza kitambaa cha kufutia mikono kofia, lakini hilo nalo ni kosa?

Ndizi nyama zikaja zinafuka moshi. Atuhaire akatia kijiko kinywani, akatafuna, akameza kwa shida, akakiweka chini.

"Mama," akasema, na mtoto huyo hajui kunong'ona, "hii ni ndizi ya pombe."

Watu wa meza za jirani wakageuka. Mhudumu akacheka. "Hiyo ni ya kupika, mtoto mzuri. Kula."

Vestina akamkanyaga Deodatha mguu chini ya meza. "Si nilikwambia! Mnyamazishe!"

Deodatha akapima mambo. Akimnyamazisha, yameisha. Asipomnyamazisha, kisha mtoto awe kakosea, Vestina atamsimanga mpaka Pasaka. Akaonja. Lo! Chini ya ule mchuzi mzito uchungu ulikuwa umejificha, ule wa ndizi za kukamulia pombe, wa kukwaruza ulimi.

"Mtoto kasema kweli," akasema, kwa sauti kubwa kuliko ya mwanawe. "Niitie mpishi."

Mpishi akaja, mtu wa Singida, mgeni wa migomba, taulo begani. Akaonja, akashika kichwa. "Mimi ndizi zote naziona moja! Sokoni nilichagua nono tu."

Akakimbia jikoni, akarudi na vichane viwili, akaviweka mbele ya Atuhaire kama anayemwonyesha bwana shamba. Mtoto akaomba zikatwe. "Hii ina vidoa vya kahawia ndani, ya pombe. Hii safi, ya kupika. Hata Ainebyona anajua."

Mpishi akapika upya, kwa zile safi. Sahani zilipoletwa hakuna aliyegusa chakula. Ukumbi mzima, pamoja na mabwana wenye tai, ulikuwa unamtazama mtoto wa miaka sita. Atuhaire akatafuna taratibu, akameza.

"Haya, kuleni."

Makofi yakalia. Bwana mmoja akauliza mtoto huyo ni wa nani, na kabla Deodatha hajafungua mdomo, Vestina alishasimama. "Mwanangu huyo! Sisi ni watu wa Kaisho!"

Deodatha akamwacha atambe. Yeye akavuta sahani yake, akaanza kula, fahari imemjaa.