Cherehani Iko kwa Waringa

Kamati ya basari ya kanisa ilikuwa inakuja Jumamosi, na mimi nilikuwa na cherehani ya stima katikati ya nyumba. Aki! Nani atamlipia karo mtoto wa mtu mwenye cherehani ya stima?

Na si eti ilikuwa imenitajirisha. Kushonea wasichana wa hoteli za Westlands kulinipa nusu ya karo ya binti yangu Ivyne, tena nikikesha. Basari hulipa yote, lakini hupewa asiye na kitu kabisa. Mwenye nusu anaambiwa ajipange. Na shule ilikuwa imeshasema, bila karo Ivyne asirudi muhula ujao.

Basi mimi na jirani yangu Waringa tukaibeba hadi kwake, hapa hapa Mutuini, tukaifunika shuka.

Walikuja wawili, mzee Ndegwa na katibu wake, mama aitwaye Wangu. Wakaangalia kuta, sufuria, hata chini ya kitanda. Wangu akanyoosha mkono, akaokota uzi mwekundu begani mwangu.

"Mama Ivyne, kwani wewe hushona?"

"Mimi? Wapi! Nafulia watu nguo tu."

"Ukianza kujiweza utuambie," akasema mzee Ndegwa, "tumpe mwingine."

Basari tulipata. Nililia kwa furaha, sitadanganya. Lakini Wangu hupita mlangoni pangu kila jioni akitoka kazini, na huyo mama masikio anayo. Cherehani ikabaki kwa Waringa. Wasichana wa Westlands wakipiga simu, nasema naumwa mgongo. Waringa aliomba aitumie kidogo, na mimi ningekataaje?

Jana Wangu hakupita. Alibisha, nikafungua.

"Mama Ivyne, kwaya inataka nguo mpya, na Sunday School pia. Nimekumbuka ule uzi, nikasema labda unajua kushona. Ni kazi ya mwaka mzima."

Mungu wangu! Kazi ya mwaka mzima. Ama ananitega? Nilimtazama usoni, sikuona kitu. Nyuma yangu Ivyne alikuwa amesimama na sketi niliyomshonea mwenyewe.

"Sijui kushona," nikasema. "Hata kifungo."

"Haya, basi wacha niulize Waringa. Nasikia siku hizi cherehani yake hailali."

Ivyne akafungua mdomo. Nikamkanyaga mguu.

"Nenda tu," nikamwambia Wangu. "Waringa ni fundi."