Barabara Ilipofungwa kwa Ajili ya Bibi Mdogo

Fundi cherehani alipanda lori la magodoro na mjukuu wake kifuani, begi moja, chupa ya uji, na hasira zake za siku zote. Dereva alikuwa shemeji yake, mdogo wa marehemu mkewe, mtu wa maneno mengi ambaye tangu siku ya harusi yao hajaacha kumtania. Alimtazama fundi akihangaika kupandisha mguu, akamwambia taratibu shemeji, magodoro ni ya kuuza, hakuna hata moja la kukudakia.

Safari ilikuwa ya kutwa nzima. Mwisho wake alikuwapo binti wa fundi, mama wa mtoto, anayefua mashuka kwenye hoteli ya mji mkubwa. Alikuwa amewaachia wazazi wake mtoto akiwa na meno mawili, kwa sababu kazi ilipatikana na chumba hakikupatikana. Sasa chumba kimepatikana. Alipiga simu akasema, baba, mlete. Fundi akajibu sawa, akakata simu, akaikanyaga cherehani mpaka uzi ukakatika.

Kisa ni kwamba mtoto hatembei. Ana mwaka na nusu na kitu, ana meno mdomo mzima, anajua kuchagua vifungo vyekundu kwenye kopo la vifungo, lakini hatembei. Anasota. Anakaa kitako, anapiga viganja chini, anajisukuma, na suruali zote alizoshonewa na babu yake zina viraka makalioni. Zahanati walimgeuza geuza wakasema miguu haina neno, msubirini. Majirani hawakutaka kusubiri. Walisema ndiyo hivyo, mwanamume peke yake atalea nini.

Na alikuwa ameshaanza kusimama, hilo ndilo lililomuuma fundi. Bibi yake alimpitisha khanga kwapani, akawa anamtembeza chumbani kama ndoo yenye rangi mbichi isiyotakiwa kugusa ukuta, naye mtoto anacheka. Kisha bibi akaugua usiku mmoja. Gari la wagonjwa lilikuwepo, dereva wake alikuwepo, mafuta hayakuwepo. Wakubwa walisema fungu la fedha halijafika. Fundi hakusoma sana, aliishia darasa la nne, lakini hajawahi kuona gari la mkubwa limesimama njiani likisubiri fungu. Baada ya mazishi mtoto alikaa chini, na hapo chini ndipo alipobaki, kana kwamba anamngoja aliyekuwa anamshika.

Basi kumpeleka hivyo hivyo, anasota, ilikuwa kama kurudisha nguo ya mteja ikiwa na mkono mmoja. Kimoyomoyo fundi aliomba lori liharibike.

Halikuharibika. Lilipanda na kushuka, na Bibi Mdogo, ndivyo fundi alivyomwita mtoto, akasimamishwa juu ya mapaja ya babu yake, akashikilia dashibodi, akaanza kazi. Alikuwa na neno moja la kutosha dunia nzima. Akinyoosha kidole anasema, "Ile." Ng'ombe, ile. Mnara wa simu, ile. Mwanamke amebeba kitanda kichwani, ile, ile, ile. Mwanzoni fundi alikuwa anaitikia tu huku akimweleza shemeji yake habari za ushuru wa soko. Lakini huwezi kuitikia mara zote hizo bila kutazama. Akatazama. Akaona bonde limetandazwa chini yao kama jora lililofunguliwa mezani, na mto umepita katikati mahali ambapo fundi mzuri angepitisha mkasi. Njia hiyo alishawahi kuipita, zaidi ya mara moja. Hakumbuki kuona bonde. Alinyamaza katikati ya habari za ushuru, hakuzimalizia.

Shemeji akasema, "Leo kuna mtu amekuziba mdomo, na hata hajui kuongea."

Mchana, mawingu yakiwa yamelifunika jua, trafiki mmoja mnene akawapungia mkono wasimame. Barabara imefungwa, msafara unapita. Wao ndio walikuwa wa kwanza, na nyuma yao foleni ikarefuka. Fundi alimuuliza trafiki ni mkubwa gani huyo, trafiki akasema yeye kaambiwa afunge, hakuambiwa ajue. Fundi akatoa yake yote. Watu wana wagonjwa, watu wana watoto, barabara kajengewa nani. Trafiki alimsikiliza kama mtu anayesikiliza mvua.

Injini ilipozimwa, joto likaingia ndani na mtoto akaanza kulia. Fundi akashuka naye, akamweka chini.

Mbele yao hapakuwa na kitu. Barabara pana, lami nyeusi ya juzi, haina gari, haina baiskeli, imenyooka mpaka inakokutana na mbingu. Katikati yake mstari mweupe uliopakwa kwa heshima ya huyo huyo anayengojwa, bado unanukia rangi. Mtoto aliacha kulia. Akasota mpaka kwenye mstari, akaugusa kwa kidole, akakitazama kidole. Kisha akainua uso kuufuata ule mstari kwa macho, mbali, mbali zaidi.

"Ile," akasema, polepole, kama hajawahi kulitumia neno hilo kabla.

Akaweka viganja viwili juu ya weupe. Makalio yenye viraka yakapanda juu, yakayumba. Mikono ikaachia. Bibi Mdogo akasimama katikati ya barabara kuu, peke yake, hajashikwa na mtu wala khanga, akaweka mguu mmoja kwenye mstari, akauleta wa pili.

Trafiki akaita, mzee, mtoto yuko barabarani. Shemeji akamjibu kwa sauti ya chini, "Afande, mwache. Huo nao ni msafara."

Trafiki akashusha mkono wake. Nyuma, dereva mmoja akazima injini, na mwingine, mpaka kukawa kimya cha kusikia viatu vidogo vikigusa lami. Fundi alimfuata ameinama, mikono ameitanua huku na huku bila kumgusa. Maisha yake yote alikuwa amepima watu, mabega, viuno, urefu wa miguu, na sasa miguu mifupi kuliko rula yake ilikuwa inapita mbele yake, naye hana kipimo chake. Alitamani mkewe aone. Halafu ikamjia, sijui kwa nini, kwamba labda mtoto amechoka kungoja, na kuchoka huko si kusahau.

King'ora kikasikika. Fundi akamnyakua mjukuu wake, akarudi pembeni. Magari meusi yakapita vuu, vuu, vioo vimefungwa, na Bibi Mdogo akayapungia yote.

"Haya, watukane," shemeji akasema.

Fundi alitafuta, hakupata tusi. "Wangechelewa kidogo," akasema.

Jua lilikuwa linazama walipofika. Chumba cha binti kilikuwa na kitanda, jiko, ndoo, na sakafu ya saruji nyekundu iliyosuguliwa mpaka inang'aa. Binti akapiga magoti, akafungua mikono. Mtoto akamtazama mwanamke huyo, akateleza kutoka kwa babu yake, akakaa kitako, akageuka, akasota kurudi kwenye suruali ya babu.

Shemeji aliapa kwamba katembea, barabara nzima imeona, hata afande. Binti alitabasamu lile tabasamu la kuwashukuru watu kwa uongo mzuri. Akafuta macho kwa mgongo wa mkono.

"Labda urudi naye kwanza, baba," akasema. "Anizoee kwa simu. Mimi nitangoja."

Hicho ndicho fundi alichokuwa anakitaka tangu asubuhi. Amepewa, mkononi, bila kuomba. Kilichobaki ni kusema sawa. Mtoto alikuwa ameng'ang'ania pindo la suruali yake kwa vidole vyote.

Aliutia mkono kwenye mfuko wa shati, mahali inapokaa chaki yake ya kazi. Akachuchumaa, akavibandua vidole vile kimoja kimoja. Akaanzia kwenye ncha ya kiatu chake mwenyewe, akauvuta mstari mweupe juu ya saruji nyekundu, umenyooka kama anavyojua yeye kunyoosha, mpaka ukafika kwenye magoti ya binti yake. Akarudi kinyumenyume mahali pake.

Bibi Mdogo aliugusa. Akakitazama kidole.

"Ile," babu yake akamwambia.

Makalio yenye viraka yakapanda. Binti akashika mdomo. Mguu mmoja, wa pili, kusimama kidogo na kuyumba, kisha tena. Katikati ya chumba mtoto aligeuza kichwa nyuma, na fundi akatazama chini haraka, kwenye chaki, mpaka aliposikia viatu vinaendelea.

Binti akampokea kifuani. Shemeji akatoka nje kwenda kuangalia magodoro ambayo hayakuwa na shida yoyote. Fundi akabaki amechuchumaa kwenye mwanzo wa mstari, unga wa chaki vidoleni, mikono yake bado ameitanua huku na huku, kama vile katikati yake kuna mtu anapita.