Kitambaa Kisichopauka

Chumba changu cha kushonea kina dirisha moja tu, lakini ni dirisha kweli. Linaanzia usawa wa kiuno, linakaribia kugusa dari, na linatazama upande jua linakokwenda. Mchana ukishageuka, mwanga unapita kwenye mapazia niliyoyatundika na sakafu yote inabadilika rangi. Hapo huwa naacha kukanyaga cherehani kidogo nikaitazama miguu yangu ikiwa ya kijani, halafu upepo ukisukuma pazia jingine inakuwa ya manjano. Ukinikuta hivyo utadhani nimesinzia. Sijasinzia, niko kazini. Mimi ni fundi wa mapazia, na fundi wa mapazia asiyelijua jua ni sawa na mpishi asiyeujua moto.

Jora jipya la kitambaa likiingia, nakata ukanda wa vidole viwili, naubandika kwenye kioo, nafunika nusu yake kwa kadibodi na kuuacha mwezi mzima. Mwezi ukiisha naibandua kadibodi mbele ya mteja. Kitambaa kibaya kinajianika chenyewe: nusu bado nyekundu ya kupendeza, nusu imechakaa kama shuka la hospitali. Wateja wangu wanaupenda sana mchezo huo. Wengine hata salamu hawamalizi, wanauliza, "Enhe, dirisha limesemaje?" Nami nilikuwa nawajibu kwa kiburi, nakiri, kwamba dirisha langu halijawahi kumdanganya mtu.

Mama alituzaa wawili. Mimi nilitoka mweusi tii. Miaka minne baadaye akatoka mdogo wangu wa kike, ana ualbino, nywele rangi ya mabua, macho yanachezacheza kama yanatafuta pa kutua. Nilimpenda siku ileile na kumwonea wivu siku ileile, maana kila kivuli pale nyumbani kilipewa yeye. Kazi yangu utotoni ilikuwa kumshikia mwavuli. Mama alipokuwa anatuaga hakunikabidhi nyumba wala sanduku. Alinishika mkono akasema, "Mwenzako na jua." Maneno matatu, basi. Tangu hapo kila nguo aliyovaa mdogo wangu imepita kwenye cherehani yangu.

Sasa angalia kazi aliyojichagulia! Anasoma mita za maji. Anatembea nyumba hadi nyumba na daftari lake, na kwa kuwa macho yake hayaoni mbali, anainama mpaka pua inakaribia kugusa kioo cha mita. Kazini wanamwita Pua ya Mita, naye anaitika bila kinyongo. Nilipomshauri atafute kazi ya ndani, alinicheka.

"Dada, ndani nimeshakaa miaka kumi na minane. Niache na mimi nione mageti ya watu."

Tukaafikiana nusu kwa nusu: kuanzia saa tano mpaka saa tisa, jua linapokuwa kali, atakuwa kwangu. Anakuja, anakula, anajilaza kwenye lundo la vipande nyuma ya mapazia, kona ambayo jua lenyewe haliifikii bali rangi zake tu. Na mwili wake unapokea rangi yoyote. Nikiwa nimetundika la bluu, analala wa bluu. Nikilibadilisha, anaamka wa waridi, anajitazama mikono, anasema, "Leo umeniamsha nani?" Hizo saa zilikuwa tamu kwangu kuliko usingizi wenyewe. Cherehani inanguruma taratibu, mdogo wangu anapumua, na ulimwengu wote wa nje uko upande wa pili wa kitambaa.

Mwaka juzi niliipata samawati. Kila fundi atakwambia kwamba samawati ndiyo rangi ya kwanza kulikimbia jua, lakini hii ilikuwa ya namna nyingine. Kitambaa chembamba, laini, ukikipuliza kinaelea. Niliubandika ukanda wake dirishani miezi sita, si mmoja. Nilipobandua kadibodi sikuona mpaka kati ya nusu hii na nusu ile. Nikajiambia, kitambaa ambacho jua limekishindwa ndicho cha kumvisha mdogo wangu.

Nikamshonea blauzi tano za mikono mirefu. Nilizishona kwa raha ya ajabu. Nilikuwa naimba, mimi ambaye tangu tumzike Mama sauti yangu ilikuwa ya kugombana na wauza vifungo tu. Alipojaribu ya kwanza alizunguka mara mbili katikati ya chumba, mikono ameinyoosha.

"Nyepesi, Dada," akasema. "Kama sijavaa kitu."

Mimi nikalipokea hilo kama sifa.

Miezi minane ikapita. Mchana mmoja wa joto alikuja amechoka, akala kidogo, akalala. Nilikuwa nimetundika pazia la manjano, naye alikuwa wa manjano, anapendeza, mdomo wazi kama mtoto. Kola ya blauzi ilikuwa imemteleza begani. Nilikwenda kumfunika, nikaona kitu ambacho kwenye ule mwanga kilionekana kama ua lililoshonwa kwenye ngozi. Nikalivuta pazia kando ili niione rangi yake halisi. Ngozi ilikuwa imeungua juu ya kuungua, nyekundu, ina mabaka, na juu kabisa ya bega kilikaa kidonda ukubwa wa punje ya harage, kingo zake zimeinuka na kung'aa, katikati damu kavu.

Sikumwamsha kwa upole. Nilimtikisa.

"Hiki nini?"

"Kidonda."

"Naona ni kidonda, sijapofuka! Tangu lini?"

Alivuta kola juu, akatafuta miwani yake. "Siku nyingi kidogo. Kinakauka, kinarudi."

"Na hukuniambia?"

"Nimekuambia sasa."

Sote wawili tulikijua kidonda kinachokauka na kurudi. Shangazi yetu mmoja, mwenye ngozi kama ya mdogo wangu, alikufa nacho. Kesho yake asubuhi nilifunga duka, nikamshika mkono kama enzi za mwavuli, tukaenda kwa daktari wa ngozi.

Alikuwa mama wa makamo mwenye sauti ndogo. Alikitazama kidonda kwa lenzi yake muda mrefu, akayatazama mabega yote mawili, akauliza, "Huwa unavaa nini ukiwa kazini?" Mdogo wangu akaonyesha blauzi iliyokuwa kwenye kiti. Daktari akaichukua, akaingiza mkono wake ndani ya kitambaa, akauinua kwenye taa.

"Dada, hiki ni kidole gani?" akaniuliza mimi.

"Cha shahada."

"Na hiki?"

"Cha mwisho."

"Ukiviona vidole vyangu, jua nalo linaona mabega yake."

Nilipandisha sauti. "Lakini daktari, hiki hakipauki! Nimekiweka dirishani miezi sita. Jua limekishindwa!"

"Sikatai. Ulichopima ni kama jua linakiumiza kitambaa. Hukupima kama linakipita." Hakusema kwa ukali, ndiyo maana ilinichoma zaidi. "Kuna mwanga tunaouona, na upo mwingine ndani ya jua hilohilo ambao hatuuoni. Wataalamu wanauita urujuanimno. Huo hauna joto la kukuonya. Unapita kwenye nguo nyepesi, unapita kwenye mawingu, unaruka kutoka kwenye ukuta mweupe na kukurudia usoni. Sisi wenye ngozi nyeusi tunabeba kinga kidogo, na bado unatupata. Yeye kinga hiyo hana."

Kisha akanyoosha mkono. "Na miwani hiyo?"

"Nilimnunulia mimi," nikasema. "Nilichagua nyeusi kuliko zote."

Aliiweka kwenye kijimashine chenye taa ndogo, akasoma, akatikisa kichwa. "Jicho likiwekewa giza linafungua mboni yake, ndivyo lilivyoumbwa. Kama kioo hakiizuii mionzi hiyo, basi umeufungua mlango na mwizi anaingia kwa nafasi. Si weusi unaokinga, ni aina ya kioo."

Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wazee. Mimi nilimshonea mwenzangu kinachomla, nikatia na vifungo.

Daktari alimchoma sindano ya ganzi, akakikata kidonda chote, akashona, akakipeleka maabara. Majibu baada ya wiki tatu. Aliyekatwa alitoka amesimama wima. Mimi ndiye niliyeshika ukuta.

Wiki tatu hizo sikumbuki nilimshonea nani nini. Nakumbuka dirisha. Nililitafuta jora moja la zambarau lililowahi kuniaibisha, kitambaa kinachopauka kwa siku chache tu, nikakata kanda tatu. Moja nikaiacha wazi kwenye kioo. Ya pili nikaifunika kwa kipande cha samawati yangu. Ya tatu nikaifunika kwa kitambaa kizito cha bluu nzito, kile cha ovaroli za mafundi, kilichofumwa kwa kubana hata sindano inalalamika. Nikaziacha, nisichungulie.

Mdogo wangu alikuja kila siku, begani ana plasta, akalala pale pale. Nilikuwa nabadilisha mapazia hovyo, bluu, kijani, waridi, ili nimwone katika kila rangi. Alasiri moja nilisinzia kweli, kichwa juu ya cherehani. Nikamwona Mama amesimama dirishani, amenipa mgongo. Kioo kizima kilikuwa kimejaa kanda, mamia yake, naye anabandua kadibodi moja moja, anaitazama, anaikunja, anaiweka mfukoni. Nilitamani anigombeze. Hakugeuka. Nilipoamka chumba kilikuwa cha waridi na mdogo wangu amenifunika mabega kwa pazia la mteja.

Siku ya majibu daktari hakutuzungusha.

"Ilikuwa kansa," akasema. "Sikilizeni vizuri, nimesema ilikuwa. Tumeiwahi ikiwa changa, na kingo zote za nyama tuliyokata ni safi. Utakuja nikuangalie kila baada ya miezi mitatu."

Nililia pale pale, kwa sauti, bila haya. Mdogo wangu alisubiri nimalize, kisha akauliza kama Jumatatu anaweza kurudi kwenye mita zake.

Tulipofika dukani nilimkalisha kwenye kiti cha wateja, nikabandua kanda mbele yake. Ile iliyoachwa wazi ilikuwa imekuwa rangi ya majivu. Iliyokaa chini ya kitambaa kizito ilikuwa zambarau kama siku niliyoikata. Nikaivuta iliyokaa chini ya samawati. Samawati yenyewe ilikuwa nzuri ajabu, haijapoteza hata chembe. Chini yake zambarau ilikuwa imekufa.

Nilichukua mkasi, nikazibeba zile blauzi zote tano, nikaanza kukata. Nilikuwa kwenye mkono wa pili wa blauzi ya kwanza aliponishika kifundo cha mkono.

"Dada. Mimi nilijua."

"Ulijua nini?"

"Tangu wiki ya kwanza. Nilikuwa nikirudi nyumbani mabega yanawaka, silali chali wala ubavu."

Niliweka mkasi chini, maana niliogopa mkono wangu. "Miezi minane? Unajua, unaungua, unanyamaza?"

"Ulikuwa unaimba ukizishona," akasema. "Sijakusikia ukiimba tangu Mama afe. Ningeanzaje?"

Nilikasirika, sitaficha. Nilimwambia amenifanya nimwue kwa heshima na adabu. Nilimwambia mchelea mwana kulia hulia yeye, na safari hii mwana ndiye aliyemchelea mlezi, je, tungelia wangapi? Aliniacha niseme yote, macho yake yakichezacheza, kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Na ningesema, ungenisikia? Dirisha lilikuwa limeshasema."

Nikauchukua mkasi tena, nikamalizia kuzikata zile blauzi.

Nikamshonea shati jipya la kile kitambaa kizito, kola ya kusimama, mikono mpaka vifundoni. Nikamtengenezea kofia ya ukingo mpana wa shubiri nzima, wa kuzunguka pande zote. Kliniki ya macho ikampa miwani ya kahawia, wala si nyeusi sana, lakini niliiona kwa macho yangu ikipita kwenye kijimashine na kijimashine kikaridhika. Mafuta ya kujikinga na jua aliyaweka kwenye mfuko wa daftari lake.

Jumatatu asubuhi alilijaribu shati katikati ya chumba. Jua lilikuwa bado upande wa pili wa nyumba, hakuna pazia lililokuwa na rangi ya kumpa, alikuwa na rangi yake mwenyewe. Nilisimama nyuma yake na pini mdomoni, nangoja lile neno lake la siku zote: nzuri, Dada. Aliinua mkono mmoja, akainua wa pili, akageuza shingo huku na huku, akakunja uso.

"Dada, zito hili. Kwapa linabana. Halafu kola yako hii inanikwaruza shingo."

Tangu nimshonee gauni la kwanza hakuwahi kuitia nguo yangu dosari hata moja. Nilizitoa pini mdomoni moja moja.

"Vua," nikamwambia. "Vua nikurekebishie."

Akavua, akakaa kwenye lundo la vipande akisubiri, amechelewa kazini kwa raha zake. Nikaketi dirishani na wembe, nikaifumua kola yangu mshono kwa mshono, na nilipofika nusu yake nikajisikia naimba.