Sare ya Wahitimu

Kitambaa kilimfikia Retno Palupi wiki chache kabla ya mkutano wa wahitimu: batiki ya kijani yenye maua ya kahawia, imekunjwa vizuri, pamoja na salamu za kamati. Ashone mtindo autakao. Retno alikigeuza huku na huku, akafikia hata kukinusa, na roho ikaanza kusita.

Chuo chake cha afya ya jamii hakikuwahi kumpa hata kalamu. Sare za mkutano wahitimu walizichangia wenyewe, na kila mwaka walizigombania kama wake wenza. Leo kitambaa cha bure? Tena walimwomba yeye, daktari wa zahanati ya kijiji cha Kaligedang, kisiwani Java, waliyekuwa wamemsahau kabisa, atoe mhadhara wa wazi kuhusu madini ya risasi katika damu za watoto. Akampigia simu Endah, katibu wa kamati, ambaye zamani walilala bweni moja na mpaka leo alimwita Mbak, yaani dada.

"Mbak Endah, hiki kitambaa kimetoka kwa nani?"

"We nawe! Wenzako wanapokea, wewe unahoji. Kwa wafadhili."

"Wafadhili gani?"

"Wa kawaida tu. Kashone bwana, usije ukatuaibisha na magauni yako ya zahanati."

Retno alikuwa na sababu ya kuhoji. Pale Kaligedang kulikuwa na tanuri la kuyeyushia betri kuukuu za magari, na moshi wake uliingia mpaka jikoni kwa watu. Alikuwa amewapima watoto mara moja, akakuta damu zao zimejaa risasi. Ofisi ya wilaya ilitaka kipimo cha pili ndipo ilifunge tanuri. Kipimo hicho kingefanyika Jumatatu, mara tu baada ya mkutano, na kilihitaji jambo moja tu: akina mama wawalete watoto wao. Mama hamtoi mwanawe kuchomwa sindano na mtu asiyemwamini. Imani hiyo Retno alikuwa ameitafuta nyumba kwa nyumba, mpaka mbwa wa kijiji wakaacha kumbwekea.

Hata hivyo alishona. Angefanyaje? Pale Java ukiletewa sare halafu ukatokea na nguo nyingine, umewatukana wote walioivaa, na watakusema mpaka wachoke. Fundi alipomzungushia futi kiunoni, Retno alijiona mjinga, lakini alisimama wima akapimwa.

Siku ya mkutano ukumbi mzima ulikuwa kijani. Picha yake ilikuwa mlangoni kwenye bango kubwa, na chini yake mada ya mhadhara: Mikono Safi, Mtoto Mwenye Afya. Alimwendea moja kwa moja Harsoyo, mwenyekiti wa kamati, mtu wa tabasamu lisiloisha ambaye wote walimwita Mas, kaka.

"Mas Har, mimi sikuja kufundisha watu kunawa mikono."

"Aa, hilo bango tu, mdogo wangu. Wewe sema utakalo."

"Lolote?"

"Lolote. Sisi tukuzuie wewe? Ukimaliza tule, tupige picha, basi."

Retno alikuwa amejiandaa kwa ubishi. Urahisi ule ulimtia hofu kuliko ubishi wenyewe.

Akapanda jukwaani, akasema yote: tanuri, moshi, watoto wanaosahau leo herufi walizozijua jana. Alipomaliza walimpigia makofi marefu. Hakuna aliyeuliza swali. Ukumbi umejaa watu wa afya, watu ambao wakipewa chai huuliza maji yamechemshwa wapi, na leo wote mabubu. Safu ya nyuma walikaa wanaume wanne wenye sare ileile, na ndio waliopiga makofi kuliko wote. Retno hakuwatambua hata mmoja.

"Wale wamehitimu mwaka gani?" alimuuliza Endah.

"Zamani kidogo, nadhani."

"Zamani, na ndevu ndiyo kwanza zinaota?"

Endah akakumbuka ghafla kwamba maboksi ya wali hayajagawiwa, akaondoka.

Hapo mlango wa pembeni ukafunguliwa, wakaingia akina mama wa Kaligedang. Kamati ilikuwa imewatumia basi waje kusikiliza mhadhara. Wote walivaa kijani. Mbele yao alikuwa Mama Tumirah, Bu Tumirah kama walivyomwita kijijini, kamshika mkono mwanawe Wulan, mtoto aliyekuwa na risasi nyingi kuliko wenzake wote.

"Bu Dokta, tumechelewa?" aliuliza, jasho likimtoka. "Basi limetuzungusha mji mzima. Mara soko, mara bahari."

Kabla Retno hajajibu, Harsoyo alishika kipaza sauti. "Haya, picha ya pamoja! Wageni wetu wa Kaligedang mbele, wasione haya!"

Watu wakajipanga, Retno akasukumwa katikati. Wale wanaume wa nyuma wakamfungulia njia mzee mmoja mnene, naye akaja kusimama bega kwa bega na Retno. Alikuwa Pak Gunadi, Mzee Gunadi mwenye tanuri. Batiki ya kijani, maua ya kahawia. Retno akachomoka mstarini, lakini kamera ilikuwa imeshalia, na Bu Tumirah alikuwa amegeuka na kuwaona wamesimama pamoja.

Retno alimkuta Bu Tumirah mlangoni akimvisha Wulan kandambili.

"Bu Tum, sikujua."

"Hukujua nini? Hiyo nguo si umeshonewa? Imekukaa kabisa."

"Nililetewa kitambaa na kamati. Hata nyie mmevaa."

"Sisi tumegawiwa kwenye basi." Bu Tumirah aliongea taratibu, bila hasira, na hilo lilimuuma Retno zaidi. "Wenzangu walikataa. Wakasema cha bure hicho, tumuulize kwanza Bu Dokta. Wakatuambia ni zawadi yako, Bu Dokta mwenyewe kawachagulia. Ndipo tukavaa."

Retno aliona kila neno atakalolisema litafanana na uongo. Ukumbini walikuwa wakicheka, mtu akaita jina lake aje ale.

"Jumatatu nitakuja nyumbani kwako mwenyewe," alisema. "Tutazungumza."

"Njoo. Nyumba yangu haijawahi kukufungia mlango." Bu Tumirah alimnyanyua Wulan akampakata, akaifunika mikono ya mtoto kwa mtandio. "Ila mkono wa huyu hutaugusa."

Akina mama wengine walimfuata, mmoja mmoja, wakimwamkia Retno kwa heshima na kupita. Aliwatazama wakiingia kwenye basi na hakumwita hata mmoja, kwa sababu lau yeye ndiye angekuwa mama wa Wulan, naye angemficha mtoto.