Daftari la Salamu

Kazi yangu ni kupokea simu. Mjomba ana ofisi ya vyumba viwili juu ya duka la vioo, na tunahifadhi tovuti na barua pepe za watu: shule, zahanati, mwenye kuuza mbegu. Mashine zenyewe ziko mbali, sijawahi kuziona. Mimi nina meza, simu na daftari.

Niliacha shule darasa la tano, na mbele za watu maneno hunikauka. Mjomba aliponichukua alisema kwenye simu hakuna anayekutazama usoni, na ni kweli. Ila kimya cha kwenye simu kiliniogopesha, kwa hiyo kila mteja nilimwandikia daftarini jambo la kumuuliza, ili nisikose la kusema.

Shida yangu nyingine sikumwambia mtu. Mteja akitaka kubadilisha neno la siri la barua pepe yake, hunitajia herufi moja moja, nami nilikuwa nazichanganya mpaka anakasirika. Basi nikaanza kuwaambia waliandike tu kwenye ujumbe, ndani ya ile programu tunayotumia kutoa bili, nami nililinakili taratibu. Kisha nilitia nukta nyekundu mbele ya jina lake. Ukutani, juu ya kichwa changu, palikuwa na kanuni ya ofisi inayokataza jambo hilohilo. Ilikuwa ndefu. Sikuwahi kuimaliza.

Asubuhi moja Mjomba aliingia hata salamu hajatoa. Kampuni iliyotengeneza programu ya bili ilikuwa imevamiwa. Wezi walichukua majina ya wateja, anwani na ujumbe wote, si wa kwetu tu, bali wa kila ofisi inayotumia programu ile. Fundi wetu alikaa kwenye kompyuta bila kuinua kichwa, akabadilisha funguo zote za mashine. Saa tatu alivuta kikombe chake cha chai akasema tumepona, kwa kuwa kwenye ujumbe hakuna cha kuiba. Wakasome malalamiko ya Mwalimu wa ile shule mpaka macho yawaume, alisema, na Mjomba akacheka.

Mimi sikucheka. Nilimfikiria Mkunga wa zahanati, ambaye wanawake humwandikia mambo wasiyowaambia hata waume zao. Kama ningenyamaza, hakuna ambaye angejua. Nikasimama.

"Mjomba, yamo," nilisema.

"Yamo nini?"

"Maneno ya siri. Ya watu thelathini na saba. Niliwaambia mimi waandike."

Fundi aliweka kikombe chini, akaitazama kanuni ukutani, kisha akanitazama mimi. Mjomba hakupandisha sauti. Aliniuliza kama nawajua ni akina nani, nikampa daftari lenye nukta.

Fundi akafunga barua pepe zote thelathini na saba. Lakini alisema watu wana mazoea ya neno moja kufungulia kila mlango, kwa hiyo lazima waambiwe leo, tena kwa simu, kwani wezi walikuwa wameshaanza kutuma barua kwa jina letu. Akaanza na Mkunga. Mkunga akamjibu kwamba mwizi naye angesema hivyohivyo, akakata. Wa pili akakata. Wa tatu alimtukana, na Fundi akabaki ameshika simu kama mtu aliyenyang'anywa sahani.

Mjomba alikuwa akisoma daftari langu. "Hili hawakuliiba," alisema, akanisogezea simu.

Sikuwahi kumpigia mteja hata mmoja. Nilibonyeza namba ya Mkunga.

"Shikamoo mama. Wale pacha wa dada yako, yule mdogo ameongezeka uzito?"

"Ameanza kukaa, mwanangu," akasema. " Wewe si yule wa sauti ndogo? Haya, niambie, kuna nini?"

Nikamweleza, na kwamba kosa ni langu. Kama Fundi alivyohofia, neno lile ndilo lililofungua pia mafaili ya wagonjwa wake. Alilibadilisha nikiwa bado kwenye laini. Alipomaliza akaniambia nimefanya vizuri kupiga.

Niliendelea hivyo hadi jioni. Mwalimu alinigombeza kwa muda mrefu, halafu akauliza kama nimekula. Muuza mbegu hasikii vizuri, ikabidi nipige kelele, na watu wa duka la vioo wakatoka nje kututazama juu. Fundi alicheka mpaka akashika meza. Nukta zote nikazikata.

Kabla hatujafunga, Mjomba alibandua ile kanuni, akanisomea mpaka mwisho na kuniuliza ni wapi paliponishinda. Nikamwonyesha. Fundi akaiandika upya kwa herufi kubwa, mistari mitatu, akaibandika mbele ya meza yangu badala ya nyuma. Nilitaka kuwashukuru, maneno yakanikauka. Ndiyo maana nimeandika haya.

Wiki iliyofuata Mkunga alipiga simu. Nikashika kalamu, nikamuuliza tatizo ni nini.

"Hakuna tatizo," alisema. "Nimepiga kukuambia mtoto ametambaa."

Nikaandika.