Benchi la Rafiki

"Tena! Hellen, mkumbatie vizuri, siyo kama umeshika moto!" Mwalimu Mkuu Ebenezeri alipiga makofi. "Kesho wageni wakifika nataka waone upendo. Upendo, watoto!"

Hellen, kiranja wa darasa la tano, akamkumbatia tena Theopista pale kwenye benchi, akatabasamu kuelekea kwenye simu ya Mwalimu Mkuu. Mwalimu Magreth, aliyekuwa wa zamu wiki ile, alisimama kando na filimbi shingoni.

Benchi lenyewe lililetwa muhula uliopita na wafadhili, hao hao wageni wa kesho, limepakwa rangi ya njano na kuandikwa BENCHI LA RAFIKI. Mtoto asiye na wa kucheza naye akae hapo, wenzake waje wamchukue. Wazo zuri, nani atabisha? Lakini watoto si malaika. Haikupita wiki wakaliita Jalala. Ukikaa hapo umetupwa. Tangu siku hiyo hakukaa mtu ila Theopista, maana hakuwa na pengine pa kukaa.

Mama yake alitoka Kigoma kuja kukata miwa huko chini tambarare. Kazi ilipokwisha akapanda mlimani kuhudumia ng'ombe wa watu. Kabla ya shule Theopista humsaidia kuzoa kinyesi zizini na kukimwaga migombani. Anaoga, jamani, anaoga na maji ya mfereji yale yanayouma mifupa, lakini bado darasani wanamwita Samadi. Na wanaomwita hivyo ndio hao hao walionenepa kwa ndizi, kana kwamba migomba ya kwao inamwagiwa manukato!

"Safi sana. Kesho hivyo hivyo," alisema Mwalimu Mkuu, akarudi ofisini kwake.

Theopista alibaki akitabasamu. Habari ya wageni aliisikia kama wenzake wote, lakini mwenye njaa haulizi chakula kimepikiwa nani. Aliruka kutoka kwenye benchi, akawakimbilia wasichana ili aulize kama anaweza kuingia kwenye rede, mchezo wa kukwepa mpira.

Aliwakuta bombani. Hellen alikuwa akijisugua mikono kwa mchanga, mpaka viwikoni.

"Nimemshika Samadi mwili mzima," alikuwa akisema. "Leo hata makande hayapiti!"

Wenzake wakaangua kicheko, nao wakapanga foleni ili wanawe mikono, hata wale ambao hawakumgusa. Theopista akasimama ghafla. Akainua mikono yake, akainusa.

Magreth aliona yote, na alichohisi hakikuwa hasira tu. Kilikuwa kinyaa, kinyaa kile cha kumkuta funza kwenye tunda ulilokwisha kuling'ata. Kinyaa cha Mwalimu Mkuu na simu yake, cha kicheko kile bombani, cha mchanga ule. Fimbo ilikuwa ofisini. Aliiwaza, akaiacha. Akaenda kwenye uzio wa shule, akakwanyua jani refu la isale.

Huku mlimani kwa Wachagga, aliyekukosea akikuletea isale, hata kama alikuchomea nyumba, utapokea na utasamehe. Ndivyo walivyosuluhishana wazee kwenye ugomvi wa damu na wa mipaka, na kulikataa ni kujiitia balaa.

"Hellen! Unalijua hili?"

Uso wa Hellen ukamshuka. "Isale, mwalimu."

"La kufanyia nini?"

"La kuombea msamaha. Lakini mwalimu, jamani, tulikuwa tunatania tu."

"Mpelekee."

Hellen akalipokea kwa mikono miwili, kama alivyowaona wakubwa wakifanya. Wote wakageuka kutazama. Hata wavulana waliacha mpira wao ukajiviringikia peke yake.

"Theopista, naomba unisamehe."

Theopista alilitazama lile jani. "La nini?"

"Ukilipokea, basi umenisamehe. Yamekwisha."

"Na nisipolipokea?"

Hellen akamgeukia mwalimu. Magreth alikuwa amekulia ndani ya nyua za masale na hajawahi kuona isale likikataliwa. Mpumbavu mimi, aliwaza. Mtoto wa Kigoma na jani la Wachagga wapi na wapi? Na hata angekuwa Mchagga, nani kasema lazima asamehe leo, mbele ya shule nzima, kwa sababu mwalimu ana haraka ya kujisikia vizuri? Kumbe alikuwa ametunga kumbatio jingine la maonyesho. Kile kinyaa kikamgeukia mwenyewe.

Theopista alipeleka mikono yake nyuma, akaifumbata huko.

"Kesho wageni wakiondoka mtanawa tena," alisema. Hakulia. Aliyelia ni Hellen, machozi yakimdondoka juu ya jani.

"Sinawi."

"Utanawa."

"Haki ya Mungu, sinawi!"

Theopista akafikiri kidogo. "Basi tucheze kwanza."

"Na hili?"

"Mpe mwalimu alishike. Tukimaliza kucheza nitaona."

Hellen akamletea Magreth jani, bila kumtazama usoni. Theopista alikuwa ameshaingia katikati ya mistari ya rede, amekunja sketi magotini. Hellen akauokota mpira wa soksi, akasita, kisha akaurusha kwa nguvu zake zote, bila huruma, kama wanavyorushiana wenyewe kwa wenyewe. Theopista akainama, mpira ukampita sikioni.

"Mwalimu wa zamu!" Ebenezeri aliita kutoka barazani. "Muda umekwisha! Filimbi!"

Magreth alisikia. Alibaki amesimama na isale mkononi, filimbi ikining'inia kifuani, na mpira ukarushwa tena.