Umri wa Kutazama Uso

Hilari alikuwa anaandika jina la mia moja na nane kwenye daftari la wanakijiji, Marcelina aliporudi mezani pake, safari hii na mwanamke mwenye uso laini na kanga mpya.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mtazame mgeni wangu kama ulivyonitazama mimi. Ana miaka mingapi?"

Mwaka huo wa 1974, kijiji kipya cha ujamaa karibu na Lusu kilikuwa na watu wachache wenye vyeti, kwa hiyo karani huyo kijana alitazama uso, akakisia. Marcelina alikuwa ameandikiwa hamsini na saba. Kijiji kilikuwa kimemchagua kwenda kusomea ukunga Tabora, lakini mwisho wa kupokelewa ulikuwa miaka arobaini na mitano, na fomu zilikuwa zinaondoka jioni hiyo.

Hilari hakufanya haraka. "Thelathini na minane. Au tisa."

Mgeni akacheka mpaka akashika mbavu. "Mungu akuzidishie, mwanangu. Mimi Apolinaria, ndiye Doto. Huyu ni Kulwa."

Hilari alikulia Unyamwezi. Hakuhitaji kuambiwa kwamba hao ni mapacha. Apolinaria alifungua leso, akamwonyesha kadi ya ubatizo ya mwaka 1932. Ya mwenzake ililiwa na mchwa.

"Lakini nyuso zenu..."

"Mimi nashona nguo Mtendeni, mjini, ndani ya duka, tangu niolewe. Mwenzangu ameinamia jembe miaka thelathini. Jua ndilo lililomzeesha."

Marcelina akapandisha mkono wa gauni, akageuza upande wa ndani, karibu na kwapa. Pacha wake akafanya vivyo hivyo. Ngozi ilikuwa moja, nyororo. Kuanzia kiwiko kushuka, ya Marcelina ilikuwa na makunyanzi kama jani la tumbaku lililokaushwa.

"Ungesoma hapa," alisema. "Huku jua halijafika."

Hilari akakata hamsini na saba, akaandika arobaini na miwili, kisha akalijaza jina lake kwenye fomu na kuigonga muhuri. Ndipo akarudisha kurasa nyuma, polepole. Wakulima wote aliowaandika walikuwa wazee. Bernardo wa dukani alikuwa kijana.

"Mume wangu umempa sitini na mitano," Marcelina alisema. "Umemtoa kwenye zamu ya shamba. Huyo usimguse, amefurahi sana."

"Nitamgusa, mama. Samahani."

Alichukua daftari jipya, akapiga mistari. Kufikia magharibi alikuwa amewauliza upya watu tisa tu. Waliobaki aliwaomba waje asubuhi, kila mmoja na mtu anayekumbuka alizaliwa lini.